Somo la Historia: Ua wa Nyumba na Kibali Chake

 Leo tutazungumza habari za ua wa nyumba. Huenda mmoja wenu akauliza, "Je, ua nao una historia?" Naam, unayo, na asiyeijua aweza kupoteza fedha zake.

Zamani mtu alijenga ua ili kuzuia wanyama. Alikata miiba, au alisimika fito, au alipanda minyaa, miti ile yenye utomvu mweupe unaochoma macho. Husemwa kwamba hata jina la Ziwa Manyara latokana na mti huo, kwa sababu Wamasai waliupanda kuzunguka maboma yao. Majirani ndio waliojua mpaka. Ugomvi ukitokea, wazee waliitwa, na neno lao lilitosha, maana watu walikuwa wachache na ardhi ilikuwa kubwa.

Litazameni neno "boma". Maana yake ya kwanza ni ua au ngome. Wajerumani walipojenga ofisi zao zenye kuta nene, watu waliziita boma, na ndiyo sababu ofisi ya serikali ikaitwa "bomani".

Kisha miji ikakua. Mpanda palichimbwa madini ya risasi, na baada ya Vita Kuu ya Pili reli ikafika kutoka Kaliua. Mwaka 2012 mji huo ukawa makao ya Mkoa mpya wa Katavi. Watu wengi wakikaa mahali padogo, ua uliozidi hatua mbili tu waweza kuziba mfereji wa maji au njia ya kumpitisha mgonjwa. Hapo neno la wazee peke yake halitoshi.

Mwaka 1956 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kupanga miji. Sheria hiyo ilitumika hata baada ya Uhuru, mpaka Bunge lilipotunga Sheria ya Mipango Miji, Na. 8 ya mwaka 2007. Kwa sheria hii, hakuna ruhusa ya kuendeleza ardhi katika eneo la mipango miji bila idhini. Ukuta wa matofali ni ujenzi, basi wahitaji kibali cha halmashauri.

Mwaka huo huo wa 2007 ilitungwa Sheria ya Barabara. Hapo kwanza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ilikuwa meta 22.5 kila upande, kutoka katikati ya barabara. Sheria mpya ikaifanya meta 30. Tofauti ni meta 7.5. Mfikirieni mtu aliyejenga ukuta mwaka 2010 kwa kutumia kipimo cha zamani. Ukuta wake waweza kubomolewa, naye asilipwe fidia.

Basi fanyeni hivi. Kwanza, tafuteni mawe ya mpaka ya kiwanja. Msiyang'oe wala kuyasogeza, kwani hilo ni kosa. Pili, mwiteni jirani, autazame mpaka pamoja nanyi. Tatu, nendeni ofisi ya mtaa, kisha ofisi za Manispaa, mkichukua hati ya kiwanja na mchoro wa ukuta. Kibali kikitoka, someni kila sharti lililoandikwa ndani yake kabla ya kununua tofali la kwanza. Hapa ndipo kusoma kwenu kunapowafaa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza: usipopima kwanza, utaubomoa.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini neno la wazee lilitosha zamani?
2. Hifadhi ya barabara iliongezwa meta ngapi mwaka 2007?
3. Ua wa nyumba yako umefuata mawe ya mpaka?