Ndege za Vita Baada ya Vita

Wasikilizaji wetu, anga iliyo juu ya Terrat, kusini mwa mji wa Arusha, ni sehemu ya anga pana ya nchi za Meru na Kilimanjaro, ambako eropleni za vita zilianza kuonekana zamani. Je, vita vikiisha, ndege hizo huenda wapi?

Mwezi Januari 1916 kikosi cha 26 cha ndege za Waingereza kilishuka Mombasa, kikapiga kambi Mbuyuni, upande wa Taveta. Ndege zake zilizoitwa B.E.2c ziliundwa kwa mbao na kitambaa, na kazi yake ilikuwa kumpelelezea habari Jemadari Smuts, ambaye majeshi yake yaliingia Moshi na Arusha mwezi Machi. Leo B.E.2c za asili zilizosalia duniani ni chache mno. Mojawapo, nambari 4112, imo Ottawa, Kanada. Sifa yake ni kwamba mwezi Septemba 1916 rubani Frederick Sowrey aliitumia kuiangusha Zeppelin ya Wadachi huko Uingereza. Ndege iliyopata sifa hutunzwa. Iliyofanya kazi ya kila siku huvunjwa.

Ndivyo ilivyokuwa hata katika vita vya pili. Mwaka 1940 ndege za Afrika Kusini ziitwazo Hartbees zilitoka Kenya kupigana na Waitaliani. Moja tu ndiyo iliyosalia, nayo imo katika makumbusho ya vita ya Johannesburg, ambayo Smuts yule yule aliyafungua mwaka 1947.

Jeshi likiisha kuitoa ndege kazini huziondoa silaha zake. Kisha huiuza, au huivunja iwe chuma chakavu, au hulipa jumba la makumbusho. Lakini kupewa si kumiliki. Makumbusho ya jeshi la anga la Marekani, huko Dayton, huwaazimisha wengine ndege zake kwa mkataba: aliyeazima haruhusiwi kuiuza, na asipoitunza hunyang'anywa.

Tena kuna kitu kilichotwaliwa kwa nguvu. Mwaka 1935 iliundwa Uhabeshi ndege ndogo, kwa uongozi wa Mdachi Ludwig Weber, ikaitwa Tsehai, jina la binti wa Mfalme Haile Selassie. Haikuwa ndege ya vita, ila ilitekwa vitani: Waitaliani waliichukua, hata ikawekwa katika makumbusho ya jeshi lao la anga. Mwezi Januari 2024 serikali ya Italia iliirudisha kwa wenyewe.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Boma la kale la Wadachi mjini Arusha sasa ni nyumba ya makumbusho. Basi mtu akileta mahali kama hapo kipande cha eropleni, picha au barua ya vita vile, lililo la kwanza si kukisafisha, bali ni kuuliza na kuandika: kimetoka wapi, kilikuwa cha nani, na kimetolewa kwa idhini ya nani? Kitu kisicho na majibu hayo hakiwezi kutunzwa kwa haki, wala kurudishwa kwa haki.