Je, udongo una mionzi?

Ndiyo mama, udongo wote una mionzi kidogo. Mingine ni ya asili: ng'ambo ya mpaka kutoka Moa, kilima cha Mrima huko Kwale, Kenya, kina madini ya thoriamu, hivyo mionzi yake imezidi ya kawaida. Mingine ilitokana na mabomu ya nyuklia yaliyojaribiwa angani kati ya 1945 na 1980. Vumbi lake, lenye siziamu-137, lilisambaa duniani na kushuka na mvua.

Kwa nini vipimo hutofautiana?
Udongo wa mfinyanzi hushika siziamu kwa nguvu. Mchanga hauishiki hivyo. Maji yakihamisha udongo, siziamu huhama nao. Kwa hiyo wapimaji huchukua sampuli sehemu nyingi. Kila miaka 30 hivi, nusu yake huisha.

Ufanye nini?
Usiogope kulima. Ila usile udongo, hasa ukiwa mjamzito. Hatari iliyo karibu zaidi ni minyoo, madini ya risasi na upungufu wa damu. Ukiwa na hamu ya udongo, mwambie muuguzi kliniki upimwe damu. Osha mihogo vizuri, na mtoto anawe mikono kabla ya kula.