Kumlisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo

Mtindio wa ubongo hutokea pale ubongo wa mtoto unapoumia, au usipokua sawasawa, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo ya maisha. Watu huona miguu iliyokakamaa. Mama huona zaidi mdomo, kwa sababu ulimi, taya na koo navyo huendeshwa na misuli. Ndiyo maana mlo mmoja unaweza kuchukua saa nzima na nusu ya uji ukaishia kwenye nguo.

Wengi tumezoea kumlaza mtoto chali mapajani na kummiminia uji mwepesi. Njia hii ni ya hatari. Kichwa kikiangalia juu, chakula huweza kuingia njia ya hewa na kufika kwenye mapafu. Mtoto anayepata nimonia mara kwa mara, huenda shida yake inaanzia kwenye ulishaji, wala si baridi ya usiku.

Mkalishe wima. Nyonga na magoti viwe vimekunjwa, mikono iwe mbele, kidevu kiiname kidogo kuelekea kifuani. Asiyeweza kukaa, mpakate huku ukimshikilia kichwa. Tumia kijiko kidogo kisicho na kina. Weka chakula katikati ya ulimi, gandamiza kidogo, kisha toa kijiko bila kukikwangua kwenye meno ya juu. Subiri ameze. Kusubiri huko ni kugumu, hasa wengine wakilia njaa, lakini kijiko cha pili kikija kabla ya cha kwanza kumezwa ndipo anapopaliwa.

Uji mzito, ndizi, viazi au parachichi lililopondwa humezwa kwa urahisi kuliko maji na supu. Vinywaji mpe kwa kikombe, funda dogo dogo. Kwa kuwa anakula kidogo, chakula chake kiongezwe nguvu: mafuta, karanga zilizosagwa laini, yai, maziwa. Milo midogo mitano au sita kwa siku ni bora kuliko mitatu mirefu inayomchosha. Akimaliza, abaki wima kwa dakika 30. Usimlishe akiwa na degedege au akisinzia, na usimzibe pua ili afungue mdomo.

Mpeleke kituo cha afya mapema ikiwa hukohoa kila anapokula, sauti yake huwa kama ina maji kooni, anapumua kwa shida au uzito hauongezeki. Midomo ikibadilika rangi, acha kumlisha na umwahishe hospitali. Wakati mwingine daktari hupendekeza mpira wa kulishia. Hilo halimaanishi kwamba mama ameshindwa.

Siku ya kliniki, nenda na kijiko chake na uji wake, kisha mwombe mtaalamu akutazame ukimlisha. Kama bibi au dada wa nyumbani ndiye humlisha mchana, nenda naye.