Nasaba, Sura na Lugha: Mashahidi Watatu wa Historia ya Waswahili



Katika miaka yangu ya kufundisha isimu nimemshuhudia mwanafunzi mmoja akiambiwa kwamba si Mswahili kwa kuwa ni mweusi mno, na mwingine akikataliwa kwa kuwa ni mweupe mno. Wote wawili walizaliwa na kulelewa katika Kiswahili. Mhadhara huu unakusudia kueleza kwa nini hukumu zote mbili ni batili.

Tuanze na sura. Asili ya wanadamu wote wa leo ni Afrika, na vinasaba vya watu wawili wowote hulingana kwa takribani asilimia 99.9. Mwaka 1972 Richard Lewontin alionyesha kwamba asilimia 85 hivi ya tofauti za kijenetiki za binadamu hupatikana ndani ya kila jamii, si baina ya jamii na jamii. Rangi ya ngozi imefinyangwa hasa na ukali wa jua katika maelfu ya miaka. Hutawaliwa na sehemu ndogo tu ya jeni zetu, nayo haielezi mengi kuhusu zile zilizobaki.

Hata hivyo, sura ilifanywa hakimu wa historia ya pwani. Wataalamu wengi wa enzi ya ukoloni walipoyaona magofu ya Kilwa na Gedi, waliamua kwamba waasisi wa miji hiyo walitoka ng'ambo. Waliegemea pia tarihi ya Kilwa, ambayo Mreno João de Barros aliisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1552: kwamba mwana wa mtawala wa Shirazi alikuja kwa jahazi, akakinunua kisiwa kwa nguo. Baadaye wanazuoni wengine, katika kuupinga mtazamo huo, waliiona simulizi hiyo kuwa ni ngano tu.

Isimu na akiolojia zilitoa ushahidi wao. Mwaka 1993 Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walionyesha kwa kina kwamba Kiswahili ni ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro katika kundi la Sabaki. Nako Shanga, katika kisiwa cha Pate, watu walikuwa wamekwisha kufanya makazi katika karne ya 8.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya kale vya watu 80, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya pwani kama Manda, Mtwapa na Songo Mnara. Ilibainika kwamba mchanganyiko wa Waafrika na Waasia ulianza mnamo mwaka 1000. Asili ya upande wa akina mama ilikuwa ya Kiafrika kwa sehemu kubwa mno. Ya upande wa akina baba ilikuwa zaidi ya Kiajemi, pamoja na mchango wa Wahindi. Baada ya mwaka 1500 hivi mchango wa Uarabuni uliongezeka. Inafaa tukumbuke kwamba makaburi mengi yaliyochunguzwa ni ya watu wenye hadhi, kwa hiyo hayawawakilishi wakazi wote wa miji hiyo.

Neno vinasaba limetokana na nasaba, na nasaba kwetu pwani huhesabiwa kwa baba. Basi tarihi haikuzua habari ya Waajemi. Kasoro yake ni kuwahesabu akina baba na kuwanyamazia akina mama. Wageni walikuta miji, wakaoa, na watoto wao wakakulia katika lugha ya mama zao. Lugha hiyo ilipokea msamiati mwingi wa kigeni bila kuacha ngeli zake wala mfumo wake wa vitenzi.

Kwa hiyo wale wanafunzi wawili wangeweza kabisa kuwa wa ukoo mmoja. Uswahili wao haukuhitaji kupimwa kwa rangi, wala hauhitaji sasa kupimwa katika maabara.