Vizibo vya Soda na Kompyuta za Spielberg



Nikiwa darasa la tatu nilivunjika mguu, nikalazwa wiki tano. Kitanda cha pili alikuwepo mtoto wa rika langu. Siku mbili nzima hatukusemeshana, kila mtu na maumivu yake. Siku ya tatu baba yake akatuchorea drafti kwenye kipande cha boksi. Kete zilikuwa vizibo vya soda, vyake vimefunikwa, vyangu vimefunuliwa. Kuanzia hapo sikukumbuka mguu mpaka usiku. Nesi mmoja akalitupa boksi, eti tunachafua wodi. Kesho yake tukachora jingine.

Nimelikumbuka boksi lile nikisoma historia ya michezo hospitalini. Kumbe yule nesi alikuwa na wenzake wengi, tena wasomi!

Uingereza, hadi miaka ya 1950, hospitali nyingi ziliwaruhusu wazazi kumwona mtoto kwa saa chache tu kwa wiki. Hoja ilikuwa kwamba wakija sana mtoto atalia. Mwaka 1952 James Robertson alionyesha filamu aliyoipiga London, ya binti wa miaka miwili aliyelazwa siku nane. Madaktari wengi walikasirika. Lakini mwaka 1959 ripoti ya serikali, inayojulikana kama Ripoti ya Platt, ilitaka wazazi waruhusiwe na watoto wacheze. Marekani nako, mjini Cleveland, mwalimu Emma Plank alikuwa ameshaanza mwaka 1955 kuwapangia watoto wa wodini michezo na masomo.

Sawa, lakini yule asiyeweza kukaribiwa je? Aliyepandikizwa uboho hukaa chumba cha peke yake, maana mafua tu ya mwenzake yanaweza kumuua. Wapo pia wenye sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu makohozi mazito. Hao wanaweza kuambukizana vijidudu hatari, kwa hiyo mtu pekee anayekuelewa kabisa ndiye unayekatazwa kumsogelea. Mimi naona hiyo ni adhabu juu ya ugonjwa.

Suluhisho la kwanza lilikuwa mashine. Mwaka 1992 shirika la hisani la Starlight lilianza kupeleka hospitalini mitambo ya magurudumu yenye michezo ya Nintendo, inayosukumwa hadi kitandani. Ni jambo jema, silibezi. Ila mtoto aliweza kucheza siku nzima asijue jina la aliye nyuma ya ukuta.

Ndiyo maana naipa uzito zaidi Starbright World, iliyozinduliwa Novemba 1995. Mwenyekiti wa taasisi iliyoianzisha alikuwa Steven Spielberg, yule wa filamu. Hata Jenerali Norman Schwarzkopf, aliyeongoza majeshi katika vita vya Ghuba mwaka 1991, alisaidia kuchangisha fedha. (Jenerali kuomba pesa za watoto kucheza, mambo hayo!) Hospitali chache za miji tofauti ya Marekani ziliunganishwa kwa mtandao wa kompyuta. Mtoto alichagua katuni ya kumwakilisha, akaingia nayo katika ulimwengu wa kuchorwa, akatembea, akakutana na katuni nyingine. Nyuma ya kila katuni alikuwepo mtoto wa kweli, naye kalazwa. Waliweza kuongea, hata kuonana kwa video, miaka ile ambayo wengi wetu hatukuwa tumegusa kompyuta.

Katika ulimwengu ule hakuna aliyeonekana kipara cha dawa wala mpira wa dripu, mpaka mwenyewe apende kusimulia. Na walisimulia, kwa sababu aliyeko upande wa pili hakuhitaji kuelezwa sindano ya uti wa mgongo ni nini.

Mwaka 2004 Starbright iliungana na Starlight.

Yule mwenzangu aliruhusiwa kabla yangu. Aliniachia vizibo vyote, na kitandani kwake akaletwa mtoto mdogo aliyekuwa analia. Nilimuuliza kama anajua drafti. Akasema hajui.

"Njoo," nikamwambia.