Ugonjwa wa Mtoto Aliyeachishwa Ziwa

Isansa, katika wilaya ya Mbozi, ni nchi ya mahindi, maharage na kahawa. Mgeni ayaonaye mashamba yake hadhani kwamba penye neema kama ile mtoto aweza kudhoofika kwa chakula. Lakini popote mtoto aliyeachishwa ziwa alishwapo uji mtupu, huweza kuharisha siku nyingi, miguu ikavimba, nywele zikageuka rangi, na mzazi akatafuta sababu asiione. Madaktari wa Afrika Mashariki nao waliitafuta kwa zaidi ya miaka 20.

Mmoja wao alikuwa Hugh Trowell, Mwingereza aliyefika Kenya mwaka 1929 na kuhamia Uganda mwaka 1935. Watoto wa namna hii walidhaniwa kuwa wagonjwa wa minyoo au wa kaswende. Lakini kutolewa minyoo hakukuwaponya. Mwaka 1937 Trowell aliandika kuwa ugonjwa huo ni pelagra, yaani upungufu wa vitamini. Hapo pia hakulenga.

Kumbe jina lilikuwa limekwisha kutajwa na kina mama. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Pwani ya Dhahabu, ambayo leo ni Ghana, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1933. Mwaka 1935 aliutangaza kwa jina la lugha ya Ga, kwashiakoo: maradhi ya mtoto aliyeondolewa mahali pake na mdogo wake. Waganda nao walikuwa na neno lao, obwosi, wakiuhusisha ugonjwa na mimba mpya ya mama.

Huko Mulago, Kampala, mchunguzi wa maiti J. N. P. Davies aliona kongosho za watoto hao zimenyauka. Kongosho ndilo litoalo maji ya kuyeyushia chakula. Likinyauka, chakula hupita bila kufaa mwili. Basi tumbo lililoshtakiwa kuwa mkosaji lilikuwa limedhulumiwa. Kosa lilianzia chunguni. Mwaka 1954 Trowell, Davies na Dean walitoa kitabu juu ya ugonjwa huo.

Hata hivyo shauri halijafungwa. Mwaka 2013 uchunguzi wa mapacha wa Malawi ulionyesha kwamba vijidudu vya utumbo navyo vina sehemu yao. Lakini funzo la kwanza limesimama: apokeaye mtoto wa tumbo lisilopona na aulize kwanza mtoto hula nini, kisha amsikilize mama autajapo ugonjwa kwa lugha yake.