Kericho ya Zamani Haikuwa na Chembechembe

Wasee, kila nikiweka picha ya mashamba ya chai hapa, lazima mtu aulize ni filta gani inaleta zile chembechembe za kizamani. Siwacheki. Hata mimi nilizitafuta. Niliazima kamera kubwa, ile ya filamu ya inchi 4 kwa 5, nikaibeba kwa matatu hadi Litein nikiwa na filamu nyeusi na nyeupe. Nilitaka kitu kama cha miaka ya 1920. Filamu iliposafishwa, kila jani la chai lilionekana peke yake. Chembechembe? Zii.

Sababu ni hesabu tu. Filamu hiyo ni kubwa karibu mara 15 kuliko ile ndogo ya milimita 35. Ukitaka picha ya inchi 8 kwa 10, unaikuza mara 2 pekee. Ile ndogo unaikuza karibu mara 8, na chembe za fedha zilizo ndani yake zinakua nayo. Unaweza kulazimisha, uchukue Ilford HP5 na uiache kwenye dawa muda mrefu kuliko kawaida, lakini bado utapata kidogo tu.

Sasa rudi nyuma. Brooke Bond walipoanza Kericho 1924, mapicha wengi wa studio walikuwa bado na kamera kubwa na sahani za kioo. Picha zao zilikuwa kali kama wembe. Ule ukungu tunaoupenda ni wa magazeti na kopi za kopi, halafu WhatsApp ikamalizia. Tena sahani nyingi za enzi hizo hazikuona rangi nyekundu. Udongo wetu ulitoka mweusi, na nyuso za watu wetu zikatoka nyeusi kuliko zilivyokuwa, huku kofia ya mzungu iking'aa. Ukimwaga chembechembe juu ya hapo, unamfuta nani? Si mzungu.

Na hii si stori ya urembo. Mwaka 1934 mkoloni alitunga sheria ya kuhamisha ukoo wa Talai kutoka Kericho hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Madai ya ardhi hayajaisha mpaka leo. Picha inayoonyesha nani alisimama wapi si pambo la ukurasa wangu.

Kogo, nyanya yangu, ana picha moja ya wachunaji wa majani chai, ndogo kama kiganja. Katikati kuna nyapara. Akina mama wako nyuma kabisa na vikapu. Niliiskani, nikakuza ile kona yao, nikakuza tena, na hapo ndipo chembechembe zikatokea, za ukweli, juu ya uso wa mwanamke wa mwisho kushoto.

Kogo akavaa miwani. "Huyo si mimi," akasema. "Ni dada yangu. Angalia kitambaa."

Akaniuliza kama naweza kumleta karibu zaidi. Nilijaribu. Zikabaki chembe tu.